Homa Iliyoitwa Malaria

Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, Tanzania. Waliogunduliwa na madaktari kuwa na malaria walikuwa 528. Maabara ilipomaliza kazi yake, ilithibitisha 14 tu. Baadhi ya wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, brusela na maradhi mengine ambayo dawa ya malaria haiyagusi. Ni rahisi kuona hapo foleni ndefu ya kesi za uzembe, lakini sheria haimwadhibu daktari kwa kukosea jibu; inachunguza njia aliyopita. Kipimo cha kisheria kilichotokana na kesi ya Bolam, Uingereza, mwaka 1957, ambacho mahakama za Afrika Mashariki nazo hukirejea, kinamlinda aliyetenda kama wenzake wenye ujuzi. Basi ikiwa madaktari wengi waliandika malaria, wote wamesafishika? Sidhani. Katika kesi ya Bolitho, mwaka 1997, majaji wa Uingereza walisema mahakama inaweza kuikataa desturi ya kitabibu isiyo na mantiki. Na tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Tone la damu ya kidole, kama robo saa hivi, kisha mstari mmoja au miwili. Daktari anayeuona mstari mmoja, yaani hakuna malaria, akaandika dawa mseto ya malaria na kumrudisha mgonjwa nyumbani bila kutafuta chanzo kingine, ana la kujibu.

Wapo wanaohofu kuwa kesi zitawafanya madaktari waagize vipimo lukuki na kugawa antibiotiki ili kujikinga. Hofu hiyo ina msingi, hasa pale ambapo zahanati haina maabara ya kuotesha damu. Ndiyo maana ninazungumzia kipimo kilichokuwepo kikapuuzwa, si kile ambacho hakikuwepo. Isitoshe, kushinda si lelemama. Mlalamikaji hana budi kuthibitisha kwamba kosa lenyewe ndilo lililomdhuru, na kwamba tiba sahihi ingebadilisha hali yake. Anayetaka daktari awajibishwe kinidhamu anaweza kwenda kwenye baraza la madaktari. Anayetaka fidia huenda mahakamani, na huko muda haumsubiri: Kenya ni miaka 3, na anayeishtaki serikali ana miezi 12 tu. Nakala ya faili, yenye majibu ya maabara na saa yalipotoka, iombwe mapema, hata kabla ya kumtafuta wakili.