Andromeda yaja, nyingine zaenda: nuru yatoboa siri

ULIMWENGU unapanuka, na galaksi zinazidi kuachana. Hayo yanajulikana. Lisilojulikana na wengi ni kwamba galaksi ya kwanza kupimwa mwendo ilikutwa ikitujia.

Aliyeipima ni Vesto Slipher, mwanaastronomia wa Marekani, katika kituo cha Lowell mjini Flagstaff, Arizona. Mwaka 1912 aliielekeza darubini yenye lenzi ya sentimita 60 kwenye galaksi hiyo, Andromeda, akaitawanya nuru yake rangi kwa rangi. Nuru hiyo ni hafifu, hivyo bamba moja la picha liliachwa wazi kwa saa nyingi.

Alichokitafuta ni mistari myeusi ambayo elementi kama kalisi huiacha ndani ya nuru. Mahali pa kila mstari hujulikana maabara. Nyota zikija, mawimbi ya nuru yake hubanwa na mistari husogea upande wa buluu. Zikienda, mawimbi hurefuka na mistari husogea upande wa wekundu.

Mistari ya Andromeda ilikuwa imesogea upande wa buluu: mwendo wa kilomita 300 hivi kwa sekunde. Slipher aliendelea kupima. Kufikia 1917 alikuwa na galaksi 25, na 21 kati yake zilikuwa zikienda mbali. Mwaka 1929 mwanaastronomia mwenzake, Edwin Hubble, akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo kasi yake ya kwenda inavyokuwa kubwa.

Mbona basi Andromeda inakuja? Kwanza, Jua letu linazunguka kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, na kwa sasa linaelekea upande wa Andromeda. Ukiuondoa mwendo wetu, zinabaki kilomita 110 hivi kwa sekunde. Hizo ni kazi ya nguvu ya mvutano. Andromeda iko umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 tu, na kwa masafa hayo upanukaji ni dhaifu kuliko mvutano wa galaksi mbili kubwa. Hata galaksi M86, iliyo umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 50, inaonyesha buluu, kwa kuwa inavutwa kwa nguvu ndani ya kundi la galaksi la Virgo.

Kwa hiyo buluu ya majirani haikanushi upanukaji. Inatuonyesha mahali ambapo mvutano bado una nguvu kuushinda. Na kasi nyingi alizozitumia Hubble mwaka 1929 zilipimwa na Slipher. Anayemsifu mmoja hana budi kumtaja na mwenzake.