Maji ya Mwaka wa Ukame Hupangwa Mwaka wa Mvua

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashuka polepole.)



Kila kiangazi swali moja hurudi kwenye foleni: kwa nini saa za bomba zinapunguzwa wakati tenki bado lina maji? Je, tunaonewa? Ili tulijibu vizuri, twende kwanza Afrika Kusini, kwenye jiji la Cape Town lenye mamilioni ya watu. Mwaka 2018 jiji hilo lilikaribia kufunga mabomba ya majumbani. Mwishowe halikufunga. Tuone lilifanya nini, kisha turudi hapa kambini.

Cape Town hupata mvua wakati wa baridi, hasa kuanzia Mei hadi Agosti. Mvua hiyo huingia kwenye mabwawa makubwa sita. Yakijaa yote, yanabeba karibu lita bilioni 900, na zaidi ya nusu imo kwenye bwawa moja tu, Theewaterskloof. Maji hayo hutumiwa na watu wa jiji, na wakulima wa matunda na zabibu nao humwagilia mashamba yao kwa maji hayohayo.

Mwaka 2014 mabwawa yalikuwa yamejaa karibu yote. Halafu mvua ikawa chache mwaka 2015. Ikawa chache tena 2016. Mwaka 2017 ikawa mbaya zaidi. Mwaka mmoja wa ukame jiji lingeuvumilia, kwa sababu bwawa ni akiba, na akiba haiozi. Miaka mitatu mfululizo iliimaliza akiba hiyo. Jiji lilikuwa linategemea karibu chanzo cha aina moja, yaani mvua iliyoingia mabwawani. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na chanzo kingine cha kutosha.

(Muziki mfupi.)

Sasa sikiliza hapa. Wakuu wa jiji hawakusubiri bwawa likauke. Waliweka alama: maji ya mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya nyumba nyingi yatafungwa. Chukua dumu lako la lita 20, au bidoni kama wengi wetu tunavyoliita. Alama hiyo ni kama kubaki na chini ya lita 3. Kwa nini wafunge wakati bado kuna kitu? Kwa sababu maji ya chini kabisa ya bwawa ni magumu kuyavuta, yana matope, na hospitali lazima ziendelee kupata maji.

Siku hiyo waliiita Siku ya Sifuri. Mwanzoni mwa 2018 ilitangazwa kwamba ingeweza kufika tarehe 12 Aprili. Ikifika, watu wangepanga foleni kwenye vituo kama 200, na kila mtu angepata lita 25 kwa siku. Lita 25! Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, linalenga angalau lita 20 kwa mtu kwa siku kambini. Kile ambacho jiji zima lilikiogopa ni maisha tunayoyajua sisi.

Basi walifanya nini? Kuanzia 1 Februari 2018 kila mtu aliambiwa asizidishe lita 50 kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Bei ya maji ikapanda kwa wanaotumia mengi. Nguvu ya maji kwenye mabomba ikapunguzwa, ili hata bomba lililopasuka livuje kidogo. Watu wakaoga ndani ya beseni, na maji hayohayo wakayamwaga chooni. Wakulima wa eneo la Groenland wakatoa lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao ili zisaidie jiji. Na kiwango cha maji ya mabwawa kilitangazwa waziwazi, kila mtu akijue.

Matokeo yake? Mwaka 2015 jiji lilikuwa likitumia hadi lita milioni 1,200 kwa siku. Mwanzoni mwa 2018 zilishuka zikawa karibu milioni 500. Siku ya Sifuri ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena, hadi mvua za katikati ya 2018 ziliponyesha. Mvua iliwaokoa, ndiyo. Lakini iliwakuta bado wana maji, kwa sababu walianza kupunguza mapema.

Kuna jambo moja lisisahaulike. Ukame ulipozidi, wapo waliowanyooshea kidole watu wa vitongoji vya mabanda, wanaochota kwenye mabomba ya pamoja. Takwimu za jiji zilionyesha kwamba vitongoji hivyo vilitumia chini ya asilimia 5 ya maji yote. Anayebeba maji kichwani hawezi kuyamwaga ovyo. Sisi nasi tumewahi kusikia maneno kama hayo. Hesabu iliyo wazi humlinda mnyonge asilaumiwe bure.

Jiji pia lilitafuta vyanzo vingine: kuchimba visima virefu, kusafisha maji yaliyotumika, na kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Pia ilikatwa miti ya kigeni milimani, kama misonobari na mikaratusi, inayofyonza maji kabla hayajafika mabwawani. Wataalamu walikadiria kuwa miti hiyo hunyonya lita bilioni 55 kwa mwaka.

(Muziki mfupi.)

Turudi kambini. Sisi hatuna mabwawa sita. Maji yetu mengi hutoka visimani au mtoni, yanasukumwa na pampu hadi kwenye tenki, kisha yanashuka bombani. Kisima nacho ni akiba. Kikivutwa kwa kasi kuliko kinavyojazwa na mvua, maji yanashuka chini. Kwa hiyo kupunguza saa mapema kunaweza kuwa njia ya kutufikisha kwenye mvua. Lakini mnayo haki ya kuelezwa. Kwenye mkutano wa kamati ya maji, uliza haya: kisima kinatoa lita ngapi kwa siku? Sisi ni watu wangapi? Kila mtu anapata lita ngapi? Saa zikipunguzwa, zinapunguzwa kwa mitaa yote sawa? Majibu yaandikwe ubaoni, karibu na bomba.

La pili, toeni taarifa za bomba linalovuja. Bomba linalopoteza lita 1 kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku. Hizo ni dumu 72, na kwa lita 20 kila mmoja, ni mgao wa watu 72.

La tatu, kingeni mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 4 kwa 5 likipata mvua ya milimita 10, linaweza kutoa hadi lita 200, ingawa kidogo hupotea. Acha maji ya kwanza yasafishe paa, kisha kinga. Yatumie kufua na kuosha sakafu. Ya kunywa endelea kuyachota bombani.

Mvua zikianza, foleni itapungua nasi tutasahau. Huo ndio wakati wa kupanga. Usingoje kiangazi ndipo uulize maji yapo kiasi gani.

Mpelekee jirani nakala hii.

(Muziki wa kufunga.)