La Kwanza Lililo la Pili: hoki ya magurudumu na mtego wa neno “daraja”

Tuchukue sentensi moja fupi ambayo mwanafunzi yeyote wa kitivo chetu anaweza kupewa aifasiri kutoka Kifaransa: timu ya nchi fulani imeshinda mashindano ya dunia ya hoki ya magurudumu, Divisheni ya I. Mwanafunzi anaandika haraka: “Timu hiyo imeshinda daraja la kwanza la mashindano ya dunia.” Kila neno limepata mwenzake, sarufi haina kasoro, na mwalimu anaweza kuipitisha. Hata hivyo habari iliyomfikia msomaji ni ya uongo. Timu hiyo haikuwa bingwa wa dunia. Ilishinda mashindano ya ngazi ya pili, na tuzo yake kubwa ilikuwa ruhusa ya kwenda kucheza na wakubwa.

Makala haya yanaeleza kosa hilo linatoka wapi, kwa nini ni rahisi zaidi kulifanya hapa Kisangani kuliko Dar es Salaam, na namna ya kuliepuka. Mfano nimeuchukua katika mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona. Nimeuchagua kwa makusudi, kwa sababu katika kandanda tunajua ukweli hata pale maneno yanapotudanganya. Katika mchezo mgeni hatuna kinga hiyo: msomaji anategemea maneno peke yake.

Mchezo wenyewe

Hoki inayojulikana zaidi kwa Waswahili ni ile ya uwanjani, ambayo magazeti ya Kenya na Tanzania huiita mpira wa magongo. Ya pili ni hoki ya barafu, inayochezwa kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake. Hoki tunayoizungumzia hapa ni ndugu wa hiyo ya pili. Barafu imeondolewa, na chuma kimebadilishwa kwa magurudumu madogo yaliyopangwa katika mstari mmoja, moja nyuma ya jingine. Viatu vya namna hiyo vilienea kutoka mji wa Minneapolis, Marekani, katika miaka ya 1980, pale wachezaji wa hoki ya barafu walipotafuta njia ya kufanya mazoezi wakati wa kiangazi. Si ajabu basi kwamba mashindano ya kwanza ya dunia yaliyoandaliwa na Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu kwa mchezo huu yalifanyika huko huko Minneapolis na St. Paul, mwaka 1996.

Kila timu ina wachezaji wanne na kipa, wakati hoki ya barafu ina watano na kipa. Katika mashindano ya shirikisho hilo mchezo uligawanywa katika vipindi vinne vya dakika 12. Hawapigi mpira bali kisahani chepesi cha plastiki, na kumgonga mpinzani kwa mwili hakuruhusiwi. Kinachohitajika ni sakafu laini iliyo sawasawa. Ndiyo maana nchi ambazo hazina barafu ya kutosha, kama Brazili, Argentina, Australia na Afrika Kusini, ziliweza kuingia.

Tusichanganye mchezo huu na hoki nyingine ya magurudumu, ile ya viatu vyenye magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, inayochezwa kwa mpira mdogo mgumu. Hiyo ina mizizi mirefu katika nchi zilizotawaliwa na Ureno. Majirani zetu wa Angola waliandaa mashindano yake ya dunia mwaka 2013, katika miji ya Luanda na Namibe, na Msumbiji ilimaliza ya nne duniani mwaka 2011. Mfasiri anayeandika “hoki ya magurudumu” bila kusema ni ipi amekwisha kumpoteza msomaji kabla hata ya kufika kwenye neno daraja.

“Kwanza” ilivyoshuka

Kwa nini ngazi ya pili iitwe Divisheni ya I? Jibu limo katika historia ya majina. Mpaka mwaka 2000 mashindano ya dunia ya hoki ya barafu yaligawanywa katika Kundi A, Kundi B na Kundi C, kuanzia wenye nguvu hadi walio dhaifu. Mwaka 2001 majina yalibadilishwa. Kundi A liliachiwa jina tupu la mashindano ya dunia, bila herufi wala nambari. Hesabu ikaanza chini yake: Kundi B likawa Divisheni ya I, Kundi C likawa Divisheni ya II. Hoki ya magurudumu, iliyokuwa chini ya shirikisho lile lile, ilifuata utaratibu huo: juu ni mashindano ya dunia yenyewe, na chini yake Divisheni ya I.

Kanuni iliyojificha hapo ni hii: kilicho juu kabisa hakihesabiwi. Kinaitwa kwa jina, na nambari huwaanzia wanaofuata.

Tukishaijua kanuni hii tunaiona mahali pengi. Uingereza ilipounda Premier League mwaka 1992, Divisheni ya Kwanza haikubadilika jina lakini ilishuka ikawa ngazi ya pili. Mwaka 2004 ikaitwa Championship, na jina League One likaenda kwa ngazi ya tatu. Tanzania ilipita njia hiyo hiyo: juu kuna Ligi Kuu, na kwa miaka mingi ngazi iliyofuata iliitwa Ligi Daraja la Kwanza. Kuanzia msimu wa 2021/22 ligi hiyo inaitwa Championship, na ya tatu ikapewa jina la First League. Kwa hiyo anayeifasiri First League kwa Kiswahili neno kwa neno anasema “ya kwanza” juu ya kitu kilicho cha tatu.

Pande mbili za ziwa

Hapa ndipo suala linapotugusa sisi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyekua akisoma kurasa za michezo amezoea kwamba “daraja la kwanza” liko chini ya Ligi Kuu. Akisoma sentensi ya mwanafunzi wetu, huenda akashtuka kidogo na kuuliza kama juu yake kuna kitu kingine. Msomaji wa Kisangani hana sababu ya kushtuka. Shule yake ni ya Kifaransa, na katika mazoea ya kandanda ya Kifaransa hesabu inaanzia juu: Ligue 1 ndiyo ya wakubwa, Ligue 2 inafuata. Kwake yeye moja ni moja.

Maana yake ni kwamba maneno yale yale ya Kiswahili sanifu, “daraja la kwanza”, yanasomwa kwa namna mbili katika pande mbili za Ziwa Tanganyika, na hakuna upande unaokosea. Kila mmoja anasoma kwa kutumia mfumo aliolelewa nao. Tofauti kama hizi hazimo katika kamusi, kwa sababu kamusi hueleza neno, haielezi mfumo ambao neno limepangwa ndani yake.

Kisangani ni mahali ambapo mifumo hiyo inakutana kila siku. Kiswahili kilifika hapa kutoka mashariki pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, Lingala ikapanda na mto kutoka magharibi, na Kifaransa kikashika ofisi na shule. Mtu anayekaa hapa anaweza kusikia matokeo ya michezo kwa Kifaransa asubuhi, kwa Lingala mchana na kwa Kiswahili jioni, kutoka redio za Kinshasa, za hapa mjini na za ng’ambo. Anayezipokea habari hizo na kuzipeleka kwa wengine ni mfasiri, hata kama hajawahi kuitwa hivyo. Wengi wanaomaliza katika kitivo hiki watafanya kazi hiyo redioni, darasani au katika mashirika.

Maneno tuliyo nayo

Tuyapime maneno ambayo Kiswahili kinatupa.

Daraja limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni hatua ya kupandia na pia cheo. Katika michezo limekwisha kuzaa misemo imara: kupanda daraja, kushuka daraja. Misemo hiyo haina tatizo lolote, kwa sababu haitaji nambari. Tatizo huanza tunapoongeza “la kwanza” au “la pili”, kwa kuwa hapo lazima msomaji ajue hesabu imeanzia wapi.

Kundi linafaa kwa timu zilizo sawa kwa cheo zilizogawanywa kwa kura ili zicheze kati yao. Kwa sababu hiyo halifai tena kwa ngazi. Mtu akisoma kwamba nchi ilicheza katika Kundi B, atafikiri ilipangwa na wengine katika mashindano yale yale ya wakubwa. Hoki ya Angola na Msumbiji ilitumia herufi hiyo kwa muda mrefu kutaja mashindano ya chini, na mfasiri aliyeandika “Kundi B” hakuwa amesema kitu.

Divisheni ni jina la kukopa. Ni zuri pale tunapotaja jina rasmi la mashindano, lakini halielezi chochote peke yake.

Ngazi ndilo neno ambalo halijafungwa na jina la ligi yoyote. Mtu akisema “ngazi ya pili kutoka juu”, hakuna mfumo unaoweza kumpotosha, uwe wa Dar es Salaam, wa Paris au wa shirikisho la hoki.

Pendekezo langu basi ni rahisi: jina rasmi libaki jina, na maelezo yafuate. Sentensi yetu ya mwanzo ingekuwa hivi: “Timu hiyo imeshinda Divisheni ya I, ambayo ni ngazi ya pili ya mashindano ya dunia ya hoki ya magurudumu ya mstari mmoja, na imepanda daraja.” Ni ndefu zaidi, lakini ni ya kweli. Nambari ndani ya jina ni sehemu ya jina. Haikuandikwa ili mfasiri aihesabu.

Ngazi ya pili ina kazi gani?

Mtu anaweza kuuliza kama yote haya yana uzito. Timu imeshinda, watu wamefurahi, kuna haja gani ya kusema kwamba ushindi ni wa ngazi ya pili? Nadhani swali hilo linatoka katika wazo kwamba cha pili ni cha aibu, na wazo hilo ndilo hasa linalomfanya mfasiri aone afadhali kunyamaza.

Tuangalie kwetu. Kombe la Shirikisho la Afrika ni mashindano ya ngazi ya pili ya vilabu, chini ya Ligi ya Mabingwa. TP Mazembe ya Lubumbashi ililitwaa mwaka 2016 na tena 2017, na AS Vita Club ya Kinshasa ilifika fainali mwaka 2018. Ng’ambo ya ziwa, Yanga ilifika fainali hiyo mwaka 2023 na Simba mwaka 2025, zote mbili zikakosa kombe, na bado mashabiki wao wanazihesabu fainali hizo kuwa heshima. Hakuna aliyeona haja ya kudai kwamba lilikuwa kombe la juu kabisa. Ukweli haukuipunguza furaha.

Katika michezo midogo kazi ya ngazi ya pili ni kubwa zaidi: ndiyo mlango. Nchi isiyo na barafu haiwezi kuanza kwa kupambana na Kanada au Ucheki. Inahitaji mahali pa kukutana na walio sawa nayo, kushindwa kwa magoli machache badala ya ishirini, na kujifunza. Wachezaji wa hoki ya barafu wa Kenya wanalielewa hili vizuri. Kwa miaka mingi walifanya mazoezi katika kiwanja kimoja kidogo cha barafu ndani ya hoteli mjini Nairobi, bila timu ya jirani ya kupambana nayo. Mwaka 2018 baadhi yao walipelekwa Kanada ili hatimaye wacheze na wapinzani, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa kama mwanachama mshiriki.

Kwa hoki ya magurudumu mlango huo ulifungwa. Mashindano ya mwisho ya dunia ya shirikisho la hoki ya barafu kwa mchezo huu yalifanyika Bratislava, Slovakia, mwaka 2017, na mwaka 2019 shirikisho likatangaza kwamba linaachana nao. Mchezo unaendelea chini ya shirikisho jingine, World Skate, linalosimamia michezo ya magurudumu. Ila ile Divisheni ya I, iliyoipokea Afrika Kusini mara kadhaa, haipo tena.

Habari hiyo ya kufungwa haiwezi kueleweka na mtu aliyeambiwa kwamba Divisheni ya I ilikuwa daraja la juu. Atadhani wakubwa wamepoteza kombe lao. Hataona kwamba waliopoteza zaidi ni wadogo, waliokuwa na ngazi moja ya kukanyagia kabla ya kufika juu. Kosa la neno moja katika sentensi ya mwanzo linaifanya habari ya miaka mingi baadaye isomeke kinyume.

Kwa hiyo, siku mwenzetu atakapoketi mbele ya maikrofoni au karatasi na kukutana na neno “kwanza” katika jina la mashindano, ajiulize swali moja kabla ya kufasiri: juu yake kuna nini? Kama kuna kitu, aseme.