Motakaa ya Petroli au ya Dizeli?

Wasikilizaji wetu mkaao Milepa na vijiji vingine vya Bonde la Rukwa, na ninyi mlioko juu Ufipa, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo liwasumbualo watu wengi wakisha kuuza mpunga au ufuta wao na kuweka akiba ya miaka kadha wa kadha. Mtu ataka kununua motakaa iliyokwisha kutumiwa. Rafiki mmoja humwambia, "Chukua ya dizeli, haili mafuta." Mwingine humwambia, "Dizeli humaliza fedha kwa mafundi, chukua ya petroli." Wote wawili wana kweli yao, walakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwanza motakaa hiyo itafanya kazi gani.

Yafaa tuanze na injini zenyewe. Injini ya petroli hufuata njia iliyofaulu mikononi mwa Nikolaus Otto, Mjerumani, mwaka 1876. Petroli huchanganyika na hewa, mchanganyiko huo hushindiliwa katika silinda mpaka ubaki kama sehemu moja ya kumi ya nafasi yake ya kwanza, kisha plagi hutoa cheche na moto huwaka. Rudolf Diesel, naye Mjerumani, alifaulu kuendesha injini yake mwaka 1897, nayo haina cheche. Humo hewa peke yake hushindiliwa mara kumi na sita, hata ishirini, nayo kwa kushindiliwa hivyo hupata moto kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo dizeli hunyunyizwa ndani ikawaka yenyewe. Kila mwanafunzi aliyejaza upepo katika mpira wa baiskeli ameona jinsi pampu ipatavyo moto mkononi. Hewa ikishindiliwa hufanya joto.

Mengine yote yatoka hapo. Kwa kuwa hushindilia sana, injini ya dizeli hupata kazi nyingi zaidi katika kila lita, tena lita ya dizeli yenyewe ina nguvu kupita ya petroli kwa karibu sehemu moja ya kumi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo chuma chake hakina budi kuwa kinene, na pampu na nozeli zake huchongwa kwa usahihi mkubwa mno. Ndiyo maana bei yake ni kubwa, na ikiharibika huponyi kwa fedha kidogo.

Sasa wanafunzi na wachukue kalamu. Tuseme motakaa mbili zalingana ukubwa. Ya petroli yatumia lita 12 kwa kilometa 100, ya dizeli lita 9. Tuseme kila lita ni shilingi 3,000, na ya dizeli imezidi bei kwa shilingi 5,000,000. Katika kila kilometa 100 mwenye dizeli huokoa shilingi 9,000. Akienda kilometa 5,000 kwa mwaka, huokoa 450,000, naye atangoja miaka kumi na moja kabla ya kurudisha zile milioni tano. Huenda motakaa imekwisha kufa. Lakini achukuaye abiria au magunia kilometa 30,000 kwa mwaka huokoa 2,700,000, na kabla ya miaka miwili amekwisha kurudisha. Kila mtu na afanye hesabu hii kwa bei za siku yake, ambazo mamlaka ya nishati, EWURA, huzitangaza kila mwezi. Bei ya Sumbawanga siyo bei ya Dar es Salaam, maana mafuta hayo yamesafirishwa kutoka pwani.

Lakini hesabu ya karatasi haikupanda Lyamba lya Mfipa. Ziwa Rukwa liko karibu mita 800 juu ya bahari, na mji wa Sumbawanga karibu mita 1,800. Atokaye Milepa na mzigo hupanda kilometa nzima kwenda juu, na kadiri apandavyo hewa huwa nyepesi. Injini isiyo na tabo, yaani kile kipulizo cha kusukuma hewa ndani, hupoteza nguvu kama asilimia tatu kwa kila mita 300. Ifikapo Sumbawanga imepungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo ziwani. Hapo dizeli ina sifa yake, kwa kuwa huvuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole. Kwa mwenye mizigo hili lapita hata akiba ya mafuta. Wakati wa kuteremka, dereva wa petroli na wa dizeli wote washike gia ndogo, wasitegemee breki peke yake.

Tena, ni nani atakayeitengeneza? Vijijini dizeli si ngeni, kwani mashine za kusaga na matrekta huitumia. Injini za dizeli za zamani, kama ile iitwayo 1HZ ya lita 4.2 katika Land Cruiser, hazina kompyuta ya kusimamia mafuta yake, na fundi hodari aweza kuifungua kwa spana zake. Dizeli mpya ni habari nyingine. Mafuta yake husukumwa kwa nguvu ya ajabu na husimamiwa na kompyuta, wala hazivumilii maji wala uchafu wa madumu. Sisi twaona kwamba mtu wa bondeni aliye mbali na mafundi wenye vyombo asiitamani dizeli ya namna hiyo, hata ikiwa nzuri namna gani. Na motakaa ndogo zitokazo Japani nyingi ni za petroli, wala si ajabu, maana kule sheria za moshi zilikazwa sana. Mwaka 2003 Tokyo ilikataza malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kipimo.

Iko pia hila ya kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli. Ilishamiri wakati mafuta ya taa yalipokuwa rahisi mno, hata serikali ikapandisha ushuru wake mwaka 2011. Mchanganyiko huo huikausha pampu, kwa kuwa dizeli ndiyo iilainishayo. Wenye petroli nao wasiiweke nyumbani karibu na meko. Mvuke wake hushika moto hata kwa baridi ya Ufipa.

Mkienda kununua, fikeni asubuhi injini ikiwa baridi, wala msikubali iwe imekwisha kuwashwa. Moshi mweusi usiokoma ni dalili ya mafuta kuzidi au hewa kupungua. Wa buluu ni oili iunguayo. Mweupe ukidumu baada ya injini kupata moto, huenda maji yaingia katika silinda. Fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma. Upepo ukitoka kwa nguvu, pistoni na ringi zimelika. Kisha mpakieni fundi wenu pamoja na mzigo, mpande mlima mrefu, naye autazame mshale wa joto muda wote. Fedha zitoke baada ya kuteremka, siyo kabla.