Ukitaka majani mekundu uani, panda mkungu

Kila ikifika Oktoba, jamaa zetu walioko Kanada na Marekani hututumia picha za miti ya mepo iliyogeuka rangi: manjano, rangi ya machungwa na nyekundu kali. Ndio mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada tangu 1965. Majirani kadhaa hapa Mombasa wameniuliza: tukiagiza mbegu, utamea kwetu?

Jibu langu ni hapana, na kikwazo ni joto letu. Mbegu za aina nyingi za mepo haziamki mpaka zikae kwenye ubaridi na unyevu kwa wiki nyingi. Hata mti mkubwa wahitaji majira ya baridi ili ulale, kisha uchipue upya. Kwetu, hata usiku wa Julai huzunguka nyuzi 20. Tena zile rangi hufuata majira: siku zikifupika, ukijani wa jani huvunjika, manjano iliyojificha chini yake ikaonekana. Jua la mchana na baridi ya usiku huzidisha wekundu.

Lakini sisi tuna mkungu. Nao huvuta chakula kutoka kwenye majani kabla ya kuyapukutisha, ukijani ukaondoka, jani likawa jekundu hadi damu ya mzee. Tofauti ni kwamba wetu husukumwa na ukavu wa kiangazi. Baada ya muda mfupi huvaa majani mapya.

Kuupanda ni rahisi. Okota kungu mbivu zilizoanguka karibuni, maana mbegu zikikaa sana huharibika. Ziloweke usiku mmoja, kisha zifukie kwenye mifuko ya miche. Mche ukifika urefu wa goti, uhamishe masika yakianza. Mchanga, chumvi na upepo wa bahari havimtishi mkungu. Ila uweke mbali na ukuta, kisima na shimo la choo, angaa hatua kumi, kwa sababu mizizi yake hunyanyua sakafu na matawi yake hutanda sana.

Kinachonisikitisha ni kuona mikungu ya zamani ikikatwa mitaani kwa sababu moja tu: taka za majani. Ni kweli majani yake ni makubwa na huziba mifereji ya paa. Mimi hufagia asubuhi na jioni wakati wa kupukutika, nikayatia kwenye migomba, yakaoza yakawa mbolea. Kazi hiyo ni ya wiki chache. Kivuli ni cha mwaka mzima, na watoto hupata kungu za kuvunja kwa mawe wale kiini. Ukiukata leo, kivuli kama hicho hutakipata tena kwa miaka mingi, na jua la kaskazi halitakusubiri.