Mti mkavu ni nyumba: kumtafuta kigong'ota kando ya maji ya Likasi

Siku ya posho asubuhi, kabla jua halijawa kali, tembea kando ya mfereji au kijito kilicho karibu na mtaa wenu pale Likasi. Ukifika penye miti mikubwa, simama na unyamaze kidogo. Kwanza utasikia njiwa na vyura. Baadaye, ukivumilia, pengine utasikia mgongo wa haraka juu ya mti, kama mtu anayebisha hodi: ta-ta-ta-ta. Huyo ni kigong'ota, ndege anayetoboa miti kwa mdomo wake. Wengi wetu tumepita chini yake miaka mingi bila kumwona.

Kumtambua si kazi ngumu. Ndege wengine hukaa juu ya tawi, lakini yeye hushikamana na shina na kupanda kwenda juu. Vidole vyake viwili hutazama mbele na viwili nyuma, na mkia wake mgumu humtegemeza kama mguu wa tatu. Ulimi wake ni mrefu sana. Huuingiza ndani ya tundu na kuvuta wadudu wanaokula mti. Katika misitu ya miombo ya Haut-Katanga kuna aina mbalimbali. Mmoja ni mdogo, wa sentimita 15 hivi. Dume ana wekundu nyuma ya kichwa, na jike ana weusi mahali pale pale. Mwingine ni mkubwa, wa sentimita 25 hivi, na uso wake mweupe una mistari myeusi kama ndevu.

Sikiliza vizuri, maana anagonga kwa njia mbili. Akitafuta chakula hugonga polepole, mara hapa, mara pale. Lakini akigonga kwa haraka kama ngoma, hatafuti chakula. Anawaambia jirani zake: mahali hapa pana mwenyewe. Majira mazuri ya kumtafuta ni mwisho wa kiangazi, miti mingi inapokuwa imepukutisha majani na mengine mapya, mekundu, yanaanza kuchipua kabla ya mvua.

Kando ya maji utaona na wengine. Kuna ndege mvuvi mweupe na mweusi, anayesimama hewani akipiga mabawa, kisha anajitupa majini kichwa mbele. Kuna fundichuma, ndege wa kahawia anayejenga kiota kikubwa ajabu cha vijiti kwenye panda ya mti. Tazama pia kereng'ende juu ya maji na kenge anayeota jua.

Lakini turudi kwa kigong'ota, maana kazi yake inawagusa wengi. Kwa kawaida huchimba tundu lake katika mti uliokufa au tawi lililooza, kwa sababu hapo ni laini. Akimaliza kulea watoto wake huliacha. Ndipo wapangaji wanakuja: ndege wadogo wasioweza kuchimba, popo, kindi, hata nyuki. Mlembe, yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali, hana kiota chake mwenyewe. Hutaga mayai katika matundu ya ndege wengine, na kigong'ota ni mmoja wao. Kwa hiyo mti tunaouita mkavu, usio na kazi, umejaa watu wa nyumbani.

Na mti huo ndio wa kwanza kukatwa. Unawaka upesi na hauna majani ya kuuonea huruma. Baada yake inafuata mibichi, inayochomwa kuwa makala ya kupikia. Bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira limetoa umeme kwa ajili ya migodi tangu mwaka 1930, lakini hata leo nyumba nyingi za miji yetu zinapika kwa mbabula. Hatumlaumu mama anayenunua mfuko wa makala. Watoto wanapaswa kula. Lakini tujue bei nyingine tunayolipa: miti mikavu ikiisha, kigong'ota anaondoka, na wale waliongoja tundu lake wanakosa pa kuzaa.

Tusidhani kwamba yaliyo karibu nasi yanajulikana yote. Bwawa hilo la Mwadingusha ndilo lililofanya ziwa Tshangalele. Kwenye ziwa hilo, mwaka 1960, alipatikana ndege mmoja mfumaji ambaye wataalamu hawakuwa wamemwandika. Alipewa jina la kisayansi, Ploceus ruweti, mwaka 1982 tu, na hakuonwa tena na wataalamu mpaka mwaka 2009. Wavuvi wa pale labda walimwona kila asubuhi. Ziwa hilo hilo hupokea maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi, na watafiti waliopima samaki wake wamekuta metali ndani yao. Anayetazama ndege wa maji anatazama pia maji ya watoto wake.

Tufanye nini? Kwanza, penye kiwanja cha kanisa au cha shule, tuache mti mkavu mmoja au miwili isimame, kama haiwezi kuangukia nyumba, njia au watu. Pili, tutumie mbabula inayotunza joto, ili mfuko mmoja udumu siku nyingi zaidi. Tatu, tuwaambie watoto waweke manati chini. Nne, tuwachukue watoto wa masomo ya Siku ya Mungu matembezini mara moja kwa mwezi, na daftari moja: tarehe, mahali, tuliona nini, tulisikia nini. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatuonyesha kama wanaongezeka au wanapungua.

Zaburi ya 104 inawataja ndege wanaokaa kando ya vijito na kuimba katika matawi, na Yesu mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake kuwatazama ndege. Si kazi ya wenye nafasi tu. Posho ijayo, ukisikia anayebisha hodi juu ya mti mkavu, inua macho kabla ya kuinua shoka.