Keiji Nakazawa, manusura wa Hiroshima aliyeandika kwa vibonzo

Mwezi Februari 2023, Bodi ya Elimu ya Jiji la Hiroshima nchini Japani ilitangaza kwamba kuanzia mwaka mpya wa masomo, kitabu cha vibonzo kiitwacho Hadashi no Gen, yaani Gen wa Miguu Mitupu, hakitatumika tena katika mafunzo ya amani kwa wanafunzi wa shule za msingi. Sehemu iliyokuwa ikifundishwa ilimwonesha mtoto Gen akiiba samaki katika bwawa la tajiri ili mama yake, mjamzito aliyedhoofika kwa njaa, apate kitu cha kula. Bodi ilieleza kuwa ni vigumu kwa watoto wa leo kuelewa hali ya maisha iliyomo katika tukio hilo. Uamuzi huo ulipingwa na wengi, wakiwamo manusura wa bomu la atomiki. Sababu ya wao kupinga inafahamika vyema zaidi kwa kuyatazama maisha ya aliyekichora.

Keiji Nakazawa alizaliwa Hiroshima tarehe 14 Machi 1939. Baba yake alikuwa mchoraji aliyeipinga vita waziwazi, jambo lililomfanya afungwe na kuifanya familia yake itazamwe kwa jicho baya na majirani. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, Keiji akiwa na umri wa miaka sita, alikuwa amefika kwenye lango la shule yake, kilomita moja na ushee kutoka kitovu cha mlipuko. Mama mmoja alimsimamisha kumuuliza jambo. Wakati huo huo bomu lililipuka, na ukuta wa zege uliokuwa nyuma yake ukamkinga na miali ya joto. Aliyekuwa akizungumza naye aliungua na kufa papo hapo.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nyumba ilimwangukia baba, dada na mdogo wake wa kiume. Mama alinusurika lakini hakuweza kuwanasua, na moto ulipokaribia, jirani alimwondoa kwa kumvuta. Siku hiyo hiyo, barabarani, alijifungua mtoto wa kike, ambaye naye alifariki dunia miezi michache baadaye. Itakumbukwa kuwa hadi mwisho wa mwaka 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa kutokana na bomu hilo. Katika kitabu, Gen yupo nyumbani na anayashuhudia yote. Nakazawa mwenyewe hakuwapo. Habari hizo alisimuliwa na mama yake, na inaelekea kwamba kumweka Gen mahali ambapo yeye hakuwapo ndiyo nguvu kubwa ya kitabu hicho.

Baada ya vita, kijana huyo alivutiwa na vibonzo vya Osamu Tezuka, akawa anavinakili kwa mkono wake. Alipomaliza shule aliajiriwa kwa mchora mabango, na mwaka 1961 akahamia Tokyo kutafuta riziki ya uchoraji. Huko aligundua kwamba akitaja kuwa alipatwa na bomu, nyuso za watu hubadilika. Wengi waliamini kuwa mionzi huambukiza kama ugonjwa, na manusura walikataliwa kazi na hata ndoa. Akaamua kunyamaza. Kwa miaka kadhaa alichora hadithi za kusisimua za wavulana, bila kugusa yaliyompata.

Ukimya huo ulivunjika mwaka 1966, mama yake alipofariki dunia. Kwa desturi ya Wajapani, maiti huchomwa, kisha jamaa huokota mifupa na kuihifadhi. Nakazawa alikuta vipande vidogo tu vyeupe ndani ya majivu. Aliamini kuwa mionzi ilikuwa imeila hata mifupa ya mzazi wake. Kwa hasira hiyo alichora hadithi yake ya kwanza kuhusu bomu, Kuroi Ame ni Utarete, inayotaja mvua nyeusi iliyonyesha baada ya mlipuko. Wachapishaji wakubwa waliikataa, nayo ikatoka mwaka 1968 katika jarida la burudani za watu wazima. Ni ajabu kwamba ushuhuda mzito kiasi hicho ulipata nafasi mahali pa namna hiyo, lakini ndipo mlango ulipofunguka.

Mwaka 1972 alichapisha Ore wa Mita, kisa kifupi cha maisha yake mwenyewe, na mhariri wa jarida la Shonen Jump, Tadasu Nagano, akamtaka aandike kwa urefu. Hadashi no Gen ilianza mwaka 1973 katika jarida hilo la kila wiki, lililosomwa na wavulana nchi nzima. Ilipoondolewa humo mwaka uliofuata, aliiendeleza katika majarida mengine madogo hadi mwaka 1987, na mkusanyiko wake ni vitabu 10. Gen ni neno lenye maana ya chanzo au asili, na mwandishi alitaka mtoto huyo aikanyage kwa nyayo tupu ardhi iliyoungua, kama ngano inayokanyagwa wakati wa baridi na bado ikachipua.

Aidha, mwaka 1976 watu wa kujitolea mjini Tokyo waliunda kikundi cha kukitafsiri kitabu hicho, na kikawa miongoni mwa vibonzo vya kwanza vya Kijapani kusomwa kwa Kiingereza. Mwaka 1983 ilitolewa filamu ya katuni, ambayo Nakazawa aliiandikia mswada.

Kitabu hakikuishia kwenye mateso ya Wajapani. Kinaulaumu pia uongozi wa Japani ulioanzisha vita, na vitabu vya mwisho vinaonesha ukatili wa askari wake katika nchi nyingine za Asia. Kwa sababu hiyo, mwezi Desemba 2012 ofisi ya Bodi ya Elimu ya mji wa Matsue ilizitaka shule kukiondoa kwenye rafu za wazi za maktaba. Habari hiyo ilipojulikana mwezi Agosti 2013, malalamiko yalikuwa mengi, na tarehe 26 mwezi huo agizo likafutwa kwa maelezo kwamba utaratibu wa kulitoa haukuwa sahihi.

Nakazawa hakuyaona hayo. Mwaka 2009 alitangaza kustaafu kwa sababu ya kisukari na mtoto wa jicho, kwani hakuweza tena kuchora mistari midogo, na alifariki dunia kwa saratani ya mapafu tarehe 19 Desemba 2012 akiwa Hiroshima, na umri wa miaka 73. Michoro yake ya asili aliikabidhi kwa Makumbusho ya Amani ya jiji hilo. Kuhusu uamuzi wa 2023, uliondoa dondoo katika mafunzo hayo tu. Haukupiga marufuku kitabu chenyewe, na mwanafunzi wa Hiroshima anaweza bado kukisoma.